Spöl: Mto Mdogo Wenye Wenyewe Wengi

Mvua ikinyesha Italia, wengi wetu tungedhani maji yake hayana pa kwenda ila Mediterania. Livigno, bonde la milimani kaskazini mwa Lombardia, mpakani na Uswisi, ni mojawapo ya pembe chache za nchi hiyo zisizofuata utaratibu huo. Maji ya Livigno huingia mto Spöl. Spöl huvuka mpaka na kuungana na mto Inn katika mji mdogo wa Zernez, Inn hukutana na Danube mjini Passau, Ujerumani, na Danube huishia Bahari Nyeusi. Hivyo ndivyo milima ilivyogawa maji. Lakini kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini katikati ya karne iliyopita, sehemu ya maji ya juu ya mto huohuo hunaswa karibu na vyanzo vyake na kupitishwa chini ya milima hadi upande wa pili, kwenye mabwawa ya Cancano. Huko hugeuka kuwa maji ya mto Adda, kisha ya mto Po, na mwisho ya bahari ya Adria. Sehemu nyingine husafiri ndani ya mwamba kwa mahandaki, isiguse mkondo wake wa asili hata kidogo. Kinachobaki juu ya mawe, mbele ya macho ya mpita njia, ndicho ramani inachokiita Spöl.

Mto wa namna hii unamsumbua mtu wa jiografia. Tumezoea kuanza na chanzo, kufuata mteremko, kutaja vijito vya kulia na kushoto, na kumalizia mahali mto unapomwaga. Ukiufuata Spöl kwa mtindo huo utaandika maelezo sahihi ya mto ambao haupo tena. Mto uliopo unaongozwa na mikataba, vali na ratiba ya soko la umeme, na mvua na mwamba vinakuja baada ya hapo. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kipande chake maarufu kinapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, mahali ambapo hairuhusiwi kuchuma ua, kuacha njia wala kuingia na mbwa. Sheria hizo zinalinda kila kitu kilicho kandokando ya mto. Maji yenyewe yanaamuliwa nje ya hifadhi.

Tuanze na umbo la nchi, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Spöl huanzia karibu na kipito cha Forcola di Livigno, mita 2,315 juu ya usawa wa bahari, jirani na milima ya Bernina. Kutoka hapo hushuka kuelekea kaskazini mashariki katika bonde pana lenye sakafu ya majani, ambamo mji wa Livigno umejinyoosha kwa kilomita kadhaa ukifuata barabara, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,816. Kisha milima inabana. Bonde la nyasi linageuka korongo la dolomaiti, na kwa kilomita chache mto unapita chini ya kuta ambazo hata barabara haikuthubutu kuzifuata. Unapofika Zernez umeshuka hadi mita 1,470 hivi. Kati ya bonde la juu na mdomo wa mto, basi, kuna tofauti ya mita zaidi ya 330 katika mwendo mfupi, na katikati yake kuna mlango mwembamba wa mwamba mgumu. Mhandisi wa umeme akiona mahali kama hapo huwa haulizi kama pajengwe, huuliza lini.

Dolomaiti yenyewe ina tabia yake. Maji huingia katika nyufa zake, usiku yakaganda na kutanuka, mchana yakayeyuka, na mwamba ukamomonyoka vipande vipande. Vifusi hivyo hulundikana miteremkoni, na mvua ya radi ikipiga, tope na mawe hushuka kwa pamoja hadi mtoni. Zamani mto ulikuwa na njia ya kuushughulikia mzigo huo. Eneo hili ni la ndani ya Alpi, ambako milima ya kaskazini na ya kusini huzuia sehemu kubwa ya mvua, kwa hiyo theluji ndiyo iliyokuwa saa ya mto. Februari maji yalikuwa kidogo kabisa. Mei theluji ilianza kuyeyuka, Juni mto ukafura, na mvua za kiangazi zikaongeza vilele vyake. Katika mafuriko makubwa Spöl uliweza kufikia mita za ujazo 120 kwa sekunde, kiasi cha kutosha kuviringisha mawe, kuhamisha kingo za changarawe na kusukuma mbele kila kilichoporomoka tangu mwaka uliotangulia.

Si kwamba bonde hili lilikuwa bikira hadi zege lilipoingia. Kwa karne kadhaa misitu ya pande hizi ilikatwa kwa ajili ya viwanda vya kuchemshia chumvi vya Hall, huko Tirol, Austria, na magogo yakasafirishwa kwa kuelea juu ya Spöl na Inn. Madini ya chuma yalichimbwa na kuyeyushwa karibu na kipito cha Ofen, na tanuu zake zikala miti mingine. Mgeni anayetembea leo chini ya misonobari akidhani anaona msitu wa tangu na tangu kwa kweli anaona msitu uliorudi wenyewe baada ya shoka kuondoka. Hifadhi ilipoanzishwa tarehe 1 Agosti 1914, ikiwa ya kwanza katika Alpi, wazo lake lilikuwa hilohilo: chukua nchi iliyotumika, itoe mikononi mwa watu, uone itafanya nini. Fedha zilichangwa na jumuiya ya wapenda maumbile ambayo kila mwanachama alilipa faranga moja kwa mwaka. Leo hifadhi ina takriban kilomita za mraba 170, na haupandwi mti, haukatwi mti, hawindwi mnyama.

Falsafa hiyo ya kutoingilia ilikuwa na tundu moja tangu mwanzo, nalo lilikuwa Spöl. Mipango ya kuuzuia mto ilikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya hifadhi, na baadhi ya mapendekezo yaliliweka bwawa ndani kabisa ya eneo lililohifadhiwa. Wakazi wa Engadin, bonde la mto Inn upande wa Uswisi, walikuwa na sababu zao. Bonde lao la juu lilikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa theluji na mteremko, na malipo ya haki ya maji yangeweza kuendesha shule na barabara za vijiji vyao. Upande wa pili walisimama watu waliouliza hifadhi ya taifa ina maana gani ikiwa mto wake mkuu unaweza kuuzwa.

Kilichoamua shauri ni mahali chanzo kilipo. Italia ilikuwa inashika sehemu ya juu ya mto, na Milan ilikuwa na kiu ya umeme. Waswisi waliogopa kwamba wakikataa kushirikiana, jirani yao angeweza kuyageuza maji mengi zaidi kuelekea Adda, nao wangebaki na korongo kavu, bila umeme na bila mto. Mkataba ukatiwa saini mwaka 1957. Italia ikaruhusiwa kuchukua sehemu ya maji ya juu, Uswisi ikapata bwawa la pamoja kwenye mstari wa mpaka, na hifadhi ikaahidiwa kiasi fulani cha maji ya kubaki mtoni. Tarehe 7 Desemba 1958 suala hilo lilipelekwa kwenye kura ya maoni ya nchi nzima, na karibu robo tatu ya wapigakura wakaukubali mkataba. Walikuwa wanaume watupu, kwa sababu wanawake wa Uswisi hawakupata haki ya kupiga kura za kitaifa hadi 1971. Hoja ya hofu, kwa maoni yangu, ilikuwa na uzito kuliko wapinzani walivyotaka kukiri. Lakini ilikuwa na madhara yake pia. Iliufanya mjadala wote uwe juu ya nchi ipi ipate maji kiasi gani, na swali la mto wenyewe unahitaji nini halikupata kiti mezani. Ilichukua miaka zaidi ya 40 swali hilo kuulizwa kwa vitendo.

Ukuta wa Punt dal Gall ulijengwa katika miaka ya 1960. Ni ukuta wa tao, umepinda kuelekea maji ili msukumo wa ziwa uhamie kwenye mwamba wa pande mbili, una kimo cha mita 130 na urefu wa mita 540 juu kileleni. Mpaka wa Italia na Uswisi unaukata, kwa hiyo anayevuka juu yake huanza safari katika nchi moja na kuimaliza katika nyingine. Ziwa lililozaliwa nyuma yake, karibu lote katika ardhi ya Italia, huwa na mita za ujazo milioni 164 likijaa, na uso wake hufika mita 1,805. Lina mikono miwili: mmoja umeingia katika bonde la Livigno, mwingine katika bonde la Gallo upande wa mashariki. Kwa msomaji anayetaka kipimo cha nyumbani, ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji nao una kimo cha mita 130 na ushei, lakini nyuma yake panaweza kukaa maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kimo ni kilekile, ziwa halifikii hata sehemu moja ya mia na hamsini. Hiyo ndiyo hesabu ya Alpi: mabonde membamba hayakupi wingi wa maji, yanakupa mwanguko.

Na mwanguko huo umetumiwa hadi tone la mwisho. Kampuni ya Engadiner Kraftwerke, iliyoundwa mwaka 1954 na yenye makao yake Zernez, huyatoa maji ya Livigno kwa handaki hadi kituo cha Ova Spin, chenye uwezo wa takriban megawati 50. Hapo kuna bwawa dogo la pili, nyuma ya ukuta wa mita 73, katikati ya korongo. Kutoka Ova Spin maji hayarudi mtoni. Huingia handaki jingine la kilomita 20 hivi, yakaupita mji wa Zernez chini kwa chini, yakatokea Pradella karibu na Scuol, ambako kuna mitambo ya megawati takriban 288. Wakati huohuo maji ya Inn yenyewe hunaswa S-chanf, juu zaidi ya Zernez, na kuletwa Ova Spin kwa handaki lake. Kiangazi yakiwa mengi kupita mahitaji, pampu huyapandisha hadi ziwa la Livigno, yakakae huko yakisubiri baridi.

Hapo ndipo mantiki ya mto inapopinduka kabisa. Inn ni mto mkubwa, Spöl ni kijito chake, na bado maji ya mto mkubwa hupanda mlima kuingia katika ziwa la kijito. Anayekunywa kikombe cha maji ya ziwa la Livigno hawezi kujua kama anakunywa theluji ya Forcola au barafu ya milima ya Engadin ya juu. Ramani ya maji ya eneo hili ingechorwa kwa uaminifu ingefanana na ramani ya mabomba.

Kalenda nayo imegeuzwa. Zamani maji mengi yalikuwa Juni na kidogo Februari. Bwawa hulijaza ziwa kiangazi na kulimwaga majira ya baridi, umeme unapohitajika zaidi kwa taa na joto, hivi kwamba mwishoni mwa Machi au Aprili ziwa huwa limeshuka na kuacha kingo pana za tope la kijivu. Watalii wa Livigno wanaopiga picha za ziwa la buluu lililozungukwa na theluji wanajua kuchagua mwezi.

Watu wa Livigno wenyewe wamefaidika na bwawa kwa njia ambayo wachache waliitarajia. Mji huo una desturi ya zamani ya kutotozwa ushuru, kwa sababu ulikuwa unajitenga na dunia kwa miezi ya theluji, na hadi leo petroli, manukato na sigara huuzwa humo kwa bei nafuu kuliko kwingineko Italia. Ili kusafirisha vifaa vya ujenzi wa ukuta, Waswisi walitoboa handaki la Munt La Schera, kilomita 3.4, lenye njia moja tu. Ukuta ulipokwisha, handaki halikuzibwa. Likawa barabara ya kulipia, magari yakiruhusiwa kwa zamu upande huu kisha upande ule, na likamfikisha Livigno mtelezi wa theluji kutoka Uswisi na Ujerumani bila kuzunguka milima. Mji uliokuwa kisiwa ukapata mlango wa kaskazini, na hatimaye ukapangiwa mashindano ya ubao wa theluji katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026. Sehemu ya malisho yao bora ilizama, hilo haliwezi kufutwa, lakini hesabu ya Livigno si hesabu ya hasara tupu. Ni vizuri kulisema hili, kwa kuwa maandishi mengi juu ya mabwawa ya milimani huwaona watu wa bonde kama wahanga na mto kama mhanga mwenzao.

Mto chini ya ukuta ulikuwa na hesabu nyingine. Kutoka Punt dal Gall hadi mkia wa bwawa la Ova Spin ni chini ya kilomita sita, na hicho ndicho kipande kinachopita ndani ya hifadhi. Baada ya mitambo kuanza kazi kikamilifu mwaka 1970, kipande hicho kilipewa maji ya mita za ujazo moja hadi mbili na nusu kwa sekunde, karibu bila mabadiliko, mwaka hadi mwaka. Kwa mtazamaji palikuwa pazuri: maji maangavu, tulivu, ya kijani kibichi. Uzuri huo ulikuwa dalili ya ugonjwa. Maji yaliyochotwa chini ya ziwa yana joto lisilobadilika sana, kwa hiyo mto ukawa baridi kuliko desturi kiangazi na vuguvugu kuliko desturi wakati wa baridi. Bila mafuriko ya kuyasugua, mawe yakafunikwa na mwani na ukoga mnene. Ndani ya ukoga huo wakazaliana mno wadudu wa maji wa jamii ya kamba, wa jenasi ya Gammarus, wadogo kama punje ya mchele, ambao katika mto wa mlima wenye hasira wasingethubutu kuwa wengi hivyo. Mchanga laini ukajaza nafasi kati ya changarawe, pahali ambapo samaki aina ya trauti huhitaji pawe wazi ili mayai yao yapate hewa. Na vifusi vya dolomaiti viliendelea kushuka kama kawaida, ila sasa hakukuwa na wa kuvichukua. Vilijikusanya pale vijito vinapoingia, vikauziba mkondo nusunusu, na mto ukaanza kuwa mnyororo wa vidimbwi.

Kisheria hakuna aliyekosea. Maji yaliyoahidiwa yalitolewa. Kosa lilikuwa katika dhana iliyokuwa nyuma ya ahadi, kwamba mto ni kiasi fulani cha maji, na ukiuachia kiasi hicho umeuachia mto. Spöl ulionyesha kwamba mto wa mlimani unaundwa na kupanda na kushuka kwa maji zaidi ya wastani wake. Siku tatu za fujo Juni hufanya kazi ambayo mwaka mzima wa utulivu hauwezi.

Ndipo likaja jaribio lililoufanya mto huu mdogo ujulikane kwa wataalamu wa maji duniani. Kuanzia mwaka 2000, hifadhi, kampuni ya umeme, serikali na watafiti, wakiwamo wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji, walikubaliana kufungua malango ya Punt dal Gall na kuachia mafuriko ya makusudi. Marekani ilikuwa imefanya jambo kama hilo mwaka 1996 katika Grand Canyon, kwenye mto Colorado, kwa mbwembwe na kamera. Tofauti ya Spöl ni uvumilivu. Mafuriko yalirudiwa mwaka hadi mwaka, mara nyingi zaidi ya moja kwa mwaka, yakadumu kwa saa kadhaa na kufikia vilele vya makumi ya mita za ujazo kwa sekunde. Na kila mara watu walishuka mtoni kabla na baada, wakahesabu wadudu, wakapima changarawe, wakatafuta viota vya trauti.

Matokeo hayakuja yote kwa pamoja, na hilo ndilo fundisho lake kubwa la kisayansi. Furiko la kwanza lilisomba ukoga na wadudu, lakini baada ya wiki kadhaa walikuwa wamerudi. Walioishi mtoni walikuwa bado ni walewale, waliozoea utulivu. Ni baada ya misimu kadhaa jamii yenyewe ya viumbe ilipoanza kubadilika: wale wa jenasi ya Gammarus wakapungua, wakaja wadudu wanaojua kujificha, kung'ang'ania mawe na kuzaa upesi baada ya msukosuko, ambao ndio wenyeji wa mito ya milimani. Mawe yakasafika. Changarawe ikalegea, na trauti wakaanza kutaga kwa wingi zaidi. Vifusi vilivyolundikana vikasukumwa. Mto haukurudi kuwa wa mwaka 1950, na hakuna mtafiti makini aliyedai hivyo, ila uliacha kuwa mfereji.

Hapa pana jambo ambalo sifa za jaribio hili huliruka. Maji ya mafuriko yalitoka wapi? Kampuni haikutaka kupoteza umeme, na haikupoteza. Makubaliano yalikuwa kupunguza kidogo kile kiasi cha kila siku kilichoachwa mtoni, na akiba hiyo ndiyo ikatumika kwa mafuriko. Kwa lugha ya mtaani, mto ulikopeshwa maji yake mwenyewe. Sisemi kwamba ulikuwa ujanja. Ulikuwa mpango wa busara, na bila huo huenda hakuna lango ambalo lingefunguliwa. Lakini inafaa kusema waziwazi kwamba ugawaji wa 1957 haukuguswa hata kwa lita moja. Kilichogawanywa upya ni sehemu ileile ndogo iliyokuwa imebaki.

Udhaifu wa mpangilio mzima ulijitokeza tarehe 30 Machi 2013, mwishoni mwa msimu wa baridi, ziwa likiwa limeshuka sana. Mashapo ya sakafu ya ziwa yaliziba njia ya maji ya mtoni, na kipande cha hifadhi kikakosa maji. Lango la chini lilipofunguliwa ili kuurudishia mto maji, likatapika tope zito, na maelfu ya trauti wakafa. Tukio hilo lilikuwa na sababu za kijiografia zinazoeleweka kabisa. Kila bwawa hukusanya mashapo ambayo mto ungeyapeleka chini, na kila ziwa linalokaushwa kwa ajili ya umeme wa baridi hufika hali yake ya hatari katika wiki zilezile za mwaka. Zamani Machi ulikuwa mwezi ambao mto ulilala na hakuna kilichotarajiwa kutoka kwake. Kwa kalenda mpya ndio mwezi ambao uhai wake wote unategemea tundu moja ukutani. Mafuriko ya makusudi yaliyofuata kiangazi hicho yalisaidia kuosha tope, na miaka ya mazoezi ya nyuma ikawa na faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Miaka mitatu baadaye likaja la pili, na hili halioshwi na mafuriko. Katika majira ya vuli ya 2016 ukuta ulikuwa katika matengenezo, na rangi ya zamani ya kuzuia kutu ilikwanguliwa kwa kupiga mchanga kwa hewa yenye msukumo mkubwa. Rangi hiyo ilikuwa na PCB, kundi la kemikali lililopendwa sana wakati ukuta unajengwa kwa sababu haliharibiki kwa joto wala maji, na lililopigwa marufuku kabisa Uswisi mwaka 1986 kwa sababu hiyohiyo: haliharibiki. Sehemu yake ikaingia mtoni. PCB hushika mashapo, kutoka hapo huingia kwa wadudu, kutoka kwa wadudu kwa samaki, na kila ngazi huikusanya zaidi katika mafuta ya mwili. Mwaka 2020 bundi mkubwa aliyeokotwa akiwa amekufa karibu na mto alikutwa na kiasi kikubwa cha kemikali hiyo. Mnyama aliyeishi katika eneo lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini alikuwa amebeba sumu ya rangi ya miaka ya 1960.

Mkasa wa 2016 umeifunga ile dawa ya mwaka 2000. Kuachia mafuriko kungenyanyua mashapo yenye sumu na kuyapeleka Ova Spin na chini zaidi, kwa hiyo mafuriko ya sehemu ya juu yalisimamishwa. Mabishano ya kisheria yakafuata juu ya urefu gani wa mto usafishwe, kwa kina gani, na nani alipe. Dimbwi lililo chini kabisa ya ukuta lilishughulikiwa mapema, kwa kuwa lipo karibu na barabara na zege. Kilomita zilizobaki ni swali jingine. Kuzisafisha maana yake ni kuyapitisha maji pembeni, kupeleka mashine katika korongo lisilo na barabara, na kuchota sakafu ya mto pamoja na kila kilichojijenga humo tangu 2000, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa ili mkono wa mtu usiguse kitu. Kuziacha maana yake ni kukubali kwamba sumu itatoka kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kwamba wakati huo wote mto utabaki bila furiko. Walio ndani ya hifadhi hawana jibu moja, na sioni aibu katika hilo. Mimi naegemea upande wa kuchimba, kwa sababu moja ya kijiografia: miteremko ya dolomaiti haijasimamisha kazi yake. Kila kiangazi mvua za radi huongeza mawe mapya juu ya yale ya jana, ukoga unarudi, na kadiri mashapo machafu yanavyofunikwa na vifusi vipya ndivyo siku ya kuyatoa itakavyokuwa ghali, na ndivyo furiko la kwanza litakalofuata litakavyokuta mzigo mkubwa wa kusukuma.